Siku Bi Chumvi Alipomheshimu Mumewe

Jumatano ile shule zilipofungwa muhula wa pili, asubuhi, jua likiwa limeshafika dirishani, Bi Chumvi alifumbua macho, akamtazama mumewe kuanzia utosini hadi kwenye ndara, kisha akamwambia kwa upole kabisa:

"Shikamoo, mzee. Samahani, mwenye nyumba hii yupo?"

Fundi akacheka mpaka chai ikamwagikia kwenye kisahani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, naye alikuwa anacheka.

Usimlaumu haraka. Nyumba ile haikuwa na mazungumzo kama ya nyumba nyingine. Tangu walipooana, wale wawili walikuwa hawasemezani ila kwa utani. Fundi alimwita mkewe Mpishi wa Jela. Mkewe alimwita Msumari Kombo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza na kuvalisha makochi, na kwa maneno ya mkewe, hakuna kochi lake lililowahi kusimama wima. Jina la Bi Chumvi alipewa na watoto wa shule alikopika miaka na miaka. Alikuwa anachota chumvi kwa kiganja, anairusha ndani ya sufuria kubwa la maharage bila kuonja, na haikuwahi kuzidi wala kupungua. "Asante" lilikuwa neno la wageni. Kuna siku walicheza polisi na mwizi kutwa nzima, mpaka mteja aliyekuja kuchukua stuli yake akaondoka akidhani kweli kuna kesi.

Kwa hiyo mkewe alipomwita mzee, Fundi aliupokea mchezo kwa mikono miwili.

"Mwenye nyumba kaenda kuoa mke wa pili," alijibu. "Jikaribishe tu, mama."

"Loo! Basi nitamsubiri. Asante sana."

Fundi akatoka kwenda karakana yake, chumba cha mbele kilichojaa vipande vya sponji na vumbi la mbao, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kila alipochungulia ndani, alisalimiwa upya. Mara moja mkewe akamwuliza, "Na wewe mzee wangu, una mke?"

"Ninaye. Balaa tupu."

"Mvumilie," mkewe alisema, akizichezea pindo za shuka. "Huenda na yeye anakuvumilia."

Fundi alishika kizingiti asianguke kwa kucheka. Alijiambia kwamba leo Mpishi wa Jela amempiga bao.

Shemeji yake, mdogo wake Bi Chumvi, alifika mchana akiwa na kapu la mashuka aliyoyafua. Aliingia ndani, na muda si muda akatoka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Shemeji, dada ana nini?"

"Leo ananichezea mgeni. Ameanza asubuhi, na hajatetereka hata kidogo!"

"Mimi ameniuliza kama nimekuja kumchukua mtoto wangu shuleni. Shemeji, dada hatanii."

Wakaingia wote wawili. Shemeji akamshika dada yake mikono amwinue, na mikono ile ikawa inapigapiga kwenye vifundo vya viganja, inaanguka na kuinuka, kama ya mtu anayeaga watu walio mbali. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu ya kitu kilichovunda. Bi Chumvi akamtazama Fundi, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Msijisumbue. Mume wangu atakuja kunichukua."

Nyundo ikamtoka Fundi mkononi. Alikuwa hajui hata kwamba ameingia nayo.

*

Ini la Bi Chumvi lilikuwa limeharibika zamani, kabla hawajajua. Virusi viliingia lini, hakuna aliyejua. Vilikaa kimya kama mpangaji mwema, vikala taratibu, mpaka ini likabaki makovu matupu. Tumbo lilipoanza kujaa maji, watu wa mtaani walijipa majibu. Wengine walisema pombe, na Bi Chumvi hata pipi yenye harufu ya pombe alikuwa haitii mdomoni. Mama mmoja sokoni alimpa hongera. "Asante," Bi Chumvi alimjibu, "nina mimba ya maji, nikijifungua nitakuletea ndoo."

Hospitalini walimpa vidonge vya kupunguza maji, wakamkataza chumvi, wakampa na dawa nyingine ya maji, nzito, tamu kupita kiasi, ndani ya chupa ya kahawia. Hiyo ndiyo iliyomtesa. Ilimkimbiza chooni, naye miguu imevimba, tumbo limemtangulia. Aliichukia dawa hiyo kama deni la mtu mwingine.

Wiki moja kabla ya ile Jumatano, chupa iliisha. Fundi akaenda kwenye dirisha la dawa. Mtu wa dirishani, aliyevaa miwani na kuongea bila kuinua uso, alimwambia, "Imeisha, mzee. Haijaletwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Mgonjwa anapata choo?"

"Anapata."

"Basi usijali. Hii ni ya choo tu."

Fundi alirudi nyumbani na habari njema. Bi Chumvi akasema alhamdulillahi, leo nitakaa kwenye kochi langu nitulie. Wote wawili walifurahi. Ile furaha Fundi anaikumbuka mpaka leo.

*

Hospitalini, wodi ilikuwa na akiba kidogo ya dawa ile ile tamu; wakampitishia kwa njia ya nyuma, maana asingeweza kumeza. Fundi alimsafisha mwenyewe. Alimkatalia msaidizi wa wodi, akamkatalia na shemeji yake. Alimgeuza, akamfuta, akamfunika, na kila mara Bi Chumvi alisema, "Asante, baba, Mungu akubariki," na kila asante iliingia kama msumari.

Katikati ya shughuli ile aliona kiti. Macho ya fundi hayana likizo. Wao, ndugu wa wagonjwa, walikalia benchi la mbao lenye ubao mmoja uliopasuka. Lakini mlango wa mkubwa wa hospitali ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na kiti cha ofisini chenye magurudumu, mgongo mrefu, ngozi laini, sponji ya daraja la kwanza. Hakikuwa na mtu. Fundi alikitazama kile kiti muda mrefu. Kwa dawa mnasema haijaletwa, aliwaza, lakini hiki kililetwa.

Daktari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alichuchumaa mbele yake ili waongee sawa kwa sawa.

"Mzee, ini lina kazi ya kuchuja sumu. Likishindwa, ile sumu inapanda kichwani. Hii dawa inaisukuma itoke na choo. Choo laini, mara mbili au tatu kwa siku, ndiyo alama kwamba inafanya kazi. Akikosa, akili inafunikwa."

"Kwa hiyo kule kukimbia chooni..."

"Ndiyo dawa yenyewe inavyofanya kazi."

"Basi hii si ya choo. Hii ni dawa ya akili."

Daktari akafikiri. "Unaweza kuiita hivyo."

"Mbona dirishani wanasema ni ya choo tu?"

Daktari akainamisha kichwa. Alisema atawaambia. Fundi akarudi kitandani kwa mkewe. Katika maisha yake alishaambiwa "tutawaambia" na watu wengi wenye makoti meupe na wasio na makoti.

Kesho yake, Fundi alikuwa ameinamia kitanda akiloweka kitambaa, aliposikia sauti kavu nyuma ya sikio lake.

"Hilo shati umeliiba kwenye msiba gani?"

Aligeuka. Bi Chumvi alikuwa anamtazama, macho yake ya manjano yakiwa na mtu ndani.

"Wee Msumari Kombo, nakusemesha."

Fundi alikaa sakafuni palepale, akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni akaokotwa. Mwanamke wa kitanda cha jirani alishindwa kuelewa: mgonjwa amemtukana mumewe, na mume analia kwa furaha.

*

Waliporudi nyumbani, alianza kuja muuguzi wa majumbani, mama wa makamo mwenye mkoba mzito na sauti isiyo na haraka. Swali lake la kwanza lilimshangaza Fundi, maana hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Leo kinachokusumbua kuliko vyote ni nini, mama?"

"Huyu hapa," Bi Chumvi akamwonyesha mumewe kwa kidole.

"Na baada ya huyu?"

"Kuwashwa. Nawashwa mpaka kwenye nyayo. Nikijikuna natoka damu."

Kutoka hapo wakaenda jambo moja moja. Muuguzi hakuwadanganya; alisema ini lile halitarudi, na mama hana nguvu za kupasuliwa kuwekewa jingine, hata kama lingepatikana. "Lakini kuna mambo mengi ya kumpunguzia taabu," alisema, "na hayo hayasubiri."

Kwa muwasho alileta unga wa kukoroga na maji, akamwelekeza Fundi aupe nafasi yake, usinywewe pamoja na vidonge vingine. Fundi akajifunza kumkata mkewe kucha fupi, kumkanda kwa kitambaa cha maji ya baridi na kumpaka mafuta yasiyo na manukato akiwa bado na unyevu. Alimvua kitenge cha nailoni, akamshonea gauni pana la pamba kwa cherehani ile ile ya makochi, pindo zikatoka nene kama za mto. "Sasa mimi ni stuli," Bi Chumvi alisema akijitazama. "Bado kunipigilia miguu."

Misuli ya miguu ilipomkaza, Fundi aliukamata unyayo, akausukuma taratibu kuelekea juu mpaka mshipa ukalegea. Kabla ya kulala alimpa kitu kidogo cha kula, kikombe cha uji au kipande cha mkate, kwa sababu muuguzi alisema mwili ule haukuwa na akiba, ukikaa na njaa unaanza kujila nyama zake wenyewe. Vidonge vya maumivu vya dukani alivitupa vyote. Aliambiwa vingine vingemtoa damu na kumharibia figo. Hata cha usingizi alikatazwa kumpa bila kuuliza.

Chumvi ndiyo ilikuwa vita.

"Mimi?" Bi Chumvi alisema. "Mimi nimekula chumvi nyingi, leo wananidai niirudishe?"

Fundi akaingia jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akapika maharage kwa ndimu na kitunguu saumu, bila chumvi. Bi Chumvi alionja, akafumba macho.

"Haya yamekufa lini?"

"Kula, mama."

"Na wewe utakula yapi?"

"Haya haya."

Mkewe akamtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Fundi alikula sahani yote, akaifuta kwa mkate usio na chumvi. Kuanzia siku hiyo kopo la chumvi lilihamia kwa shemeji. Bi Chumvi hakusema asante, maana hawakuwa na neno hilo. Alimsogezea mumewe kipande chake cha ndimu.

Halafu Fundi akamtengenezea kochi. Tumbo likijaa, Bi Chumvi alikuwa hawezi kulala chali. Maji yalisukuma kifua, pumzi ikawa fupi. Akikaa wima, kiuno kilimuuma. Fundi alipima kwa kamba, akakata sponji, akalaza, akamkalisha, akamwinua, akakata tena. Mgongo ukaegemea nusu, tumbo likapata pa kutua, miguu ikainuliwa kwa mto mrefu, na chini ya makalio, ambapo nyama ilikuwa imekwisha, akaweka sponji laini kuliko zote. Hiyo alikuwa ameitunza kwa kochi la tajiri fulani. Tajiri akapewa nyingine.

Bi Chumvi alilala usingizi wa mchana kutwa. Alipoamka, alitoa hukumu: "Limekwenda upande."

Maji yalipozidi vidonge, walirudi hospitalini yakatolewa kwa sindano na mpira, na Bi Chumvi alirudi mwepesi, akidai amejifungua na mtoto amefanana na baba, hana rangi wala umbo.

Lakini jambo moja lilimkosesha Fundi raha. Alimwuliza muuguzi, mkewe akiwa anasikia: "Nitajuaje kwamba akili inaanza kufunikwa tena? Mara ya kwanza nilicheka."

Muuguzi alisema wengine humpa mgonjwa aandike jina lake kila siku, mwandiko ukiharibika wanajua. Fundi akakuna kichwa. Shule aliiacha mapema. Mwandiko ukiharibika au usiharibike, kwake ilikuwa mamoja.

"Achana na kalamu," Bi Chumvi alisema. "Mimi nitamtukana kila asubuhi. Siku nitakayomheshimu, akimbie kuniitia gari."

Muuguzi alicheka, kisha akaona kwamba wenyewe hawacheki.

"Sitaki kufa nikidhani natunzwa na mtu baki," Bi Chumvi aliongeza, sauti imeshuka. "Nilikuwa kule. Nilikuwa nasikia mwanamume mwema ananihudumia, na moyo unaniuma kwamba wangu haji."

Fundi akageukia dirisha kana kwamba kuna mtu kamwita.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Fundi alisimama mbele ya kochi na kikombe cha dawa tamu, roho mkononi, akisubiri kutukanwa.

"Umeamka na sura ile ile?"

Akashusha pumzi.

"Hizo ndevu ni zako au ni sponji ya juzi?"

Siku njema kabisa.

Asubuhi moja, Bi Chumvi alichelewa. Alimtazama, kisha akasema, "Karibu." Fundi hakungoja neno la pili. Alimwita shemeji, akampigia muuguzi, akaeleza kwamba tangu jana mchana hajapata choo. Muuguzi akamwambia aongeze kipimo cha dawa na arudie kila baada ya muda mpaka tumbo lifunguke, na asipozinduka walete gari. Jioni akili ya Bi Chumvi ilirudi kutoka mlangoni. "Mbona mmejaa humu? Kuna mnada?" Shemeji akapiga vigelegele chumbani, majirani wakauliza nani kaolewa.

Chupa zilipokaribia kuisha, Fundi hakusubiri tena dirisha limwambie. Muuguzi alimtafutia kwingine, na kabatini hazikukosekana.

*

Mwisho wake ulikuja bila kelele. Figo zilianza kukataa, maji yalijaa upya kabla Bi Chumvi hajakaa sawa. Muuguzi alikaa kwenye stuli, akawaambia ukweli wote: safari hii usingizi utakuja hata dawa ikinywewa, na hautakuwa kosa la mtu. Akauliza Bi Chumvi anataka kuwa wapi.

"Hapa," alisema, akipigapiga mkono wa kochi. "Bovu, lakini nimelizoea."

Siku zile Fundi hakugusa nyundo. Alimlowesha midomo kwa pamba, akamgeuza kila ubavu, akamkanda. Muuguzi alileta dawa kidogo ya kumtuliza pumzi, akaendelea kuja. Bi Chumvi alisinzia zaidi ya kuwa macho. Asubuhi hakumtukana tena, wala hakumheshimu, hakusema chochote. Na hapo ndipo Fundi alipokosa pa kushika. Je, mule ndani yupo nani? Anamjua, au anamsubiri mumewe?

Alasiri moja, jua limelalia ubavu wa kochi, aliinama karibu na sikio lake.

"Mpishi wa Jela."

Shemeji, aliyekuwa anakunja nguo, akaacha kukunja.

"Mpishi wa Jela, maharage yako yanaungua."

Jicho moja likafunguka nusu. Midomo ikasogea mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili ikapata sauti.

"Kochi... limekwenda upande, Msumari."

Fundi akacheka na kulia kwa pamoja. Alimshika mkono, na mkono ukamshika. Jua lilipoondoka kwenye kochi, Bi Chumvi naye alikuwa ameondoka.

*

Hata sasa Fundi hula bila chumvi. Shemeji yake humgombeza: "Shemeji, wewe ini lako zima, unajitesa nini?" Yeye hujibu kwamba chumvi ilikwenda na mwenyewe.

Kabatini ilibaki chupa moja ya dawa tamu, haijafunguliwa. Aliitazama mpaka akachoka kuitazama. Mwisho akaitia mfukoni, akaenda hospitalini, nia yake airudishe, isije ikaharibika bure.

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu. Mbele yake alisimama mwanamke kijana aliyemshika kiuno mumewe; macho ya mume yalikuwa manjano, tumbo limesukuma shati. Walipofika, mtu wa miwani aliipokea karatasi yao bila kuinua uso.

"Imeisha. Haijaletwa."

"Sasa tufanyeje, kaka?"

"Anapata choo?"

"Anapata."

"Basi usijali, dada. Hii ni ya choo tu."

Mwanamke akashusha mabega kwa nafuu. Alikuwa anageuka aondoke, na uso wake ulikuwa na ile furaha. Fundi aliijua ile furaha.

"Dada, simama kwanza," alisema. Akaitoa chupa. "Hii haijafunguliwa. Mpelekee daktari, chumba cha tatu, aitazame ndipo mumeo anywe. Akikimbia chooni usiogope. Asipokimbia ndipo uogope." Akamgeukia yule mwanamume. "Na wewe, huwa unamtania mkeo?"

Mwanamume akatabasamu kwa taabu. "Huyu? Huyu ndiye ananitania mimi."

"Mtanie kila siku. Na wewe dada, siku atakayoanza kukuheshimu, mlete hapa mbio."

Waliondoka wakigeuka nyuma, wasijue wamekutana na mwendawazimu au na nani. Fundi hakutoka kwenye dirisha. Foleni ilianza kunung'unika. Mtu wa miwani, kwa mara ya kwanza, aliinua uso, na Fundi aliona kwamba naye ni mtu tu, amechoka, anasema alichoachiwa aseme. Fundi alipomwuliza nani aliyemwachia maneno yale, akamwelekeza kwa mkubwa.

Safari hii kile kiti cha ngozi kilikuwa na mwenyewe. Mkubwa alimkaribisha, akamwonyesha kiti cha plastiki, akamwambia aseme shida yake kwa kifupi kwa sababu ana kikao. Fundi hakukaa. Alimweleza kuhusu Jumatano ile, kuhusu kucheka kwake, kuhusu mwanamke aliyemsubiri mumewe kutwa nzima huku mumewe akimpelekea chai. Mkubwa alisikiliza, akaitazama saa, akaitazama tena, akasema pole sana, mzee, mambo ya ugavi yana ngazi zake.

"Sijauliza ngazi," Fundi alisema. "Kuisha, kitu chochote kinaisha, hata sponji inaisha. Mimi nauliza swali moja tu, na nitakuja kesho na kesho kutwa kuliuliza: dawa ya akili ya mke wangu ilipoisha humu ndani, kwa nini mlituambia ilikuwa ya choo tu?"